Dada Asiyetaka Tundu

Mama mdogo ni mfinyanzi, na mtaani kwetu anaogopwa kuliko polisi. Ukimuudhi leo, kesho unajikuta umekuwa mnyama wa hadithi. Muuza nyama anayezidisha mifupa kwenye kilo ni fisi, na kitambi chake hakikusahaulika. Fundi cherehani, ambaye kila nguo kwake huwa tayari "keshokutwa", ni kobe mwenye futi ya kupimia shingoni. Sungura, bila shaka, ana uso wa mama mdogo mwenyewe. Ajabu ni kwamba wote hao hupita karakana kujitazama, wakicheka kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Mama yangu, dada yake mkubwa, ndiye hakuwamo. Maktaba ilipowaomba wanyama hao kwa ajili ya chumba cha watoto, mama alinuna. Hadithi zenyewe ni yeye aliyemsimulia mdogo wake, enzi zile wakilala kitanda kimoja.

"Fisi umemweka, mimi dada yako umenisahau?"

"Nilikuwa nakuogopa, dada."

"Basi nitengeneze. Binadamu, si mnyama. Nimekaa vizuri, mdomo nimefumba, kama kwenye kitambulisho."

Kumfinyanga fisi kulimchukua mama mdogo siku moja tu. Dada yake alimchukua wiki nzima; pua peke yake niliona akiibomoa mara nne. Sanamu iliyo tupu ndani lazima iachiwe tundu, hewa na mvuke vipate pa kutokea tanurini, basi akaitoboa kwenye kalio, mahali pasipoonekana.

Siku ya kuchoma, mama alifika mapema kujikagua. Mdogo wake alikuwa uani akiwasha tanuri. Mama akaichukua sanamu yake, akajipindua, akaliona tundu. Kulinda heshima yake akachota udongo mbichi, akaziba, akalainisha kwa mate, akaja kukaa nasi ameridhika kabisa.

Mlipuko tuliusikia sote. Tanuri lilipopoa, mama alikuwa vigae, na fisi, aliyechomwa pamoja naye, hakuwa na kichwa.

Mama mdogo aliokota kigae chenye jicho moja. "Miaka thelathini natoboa, sijasahau hata siku moja. Nimekuja kusahau kwa dada yangu!" Akaanza kulia, na mimi roho iliniuma.

Mama alikuwa ameinamia sakafu. "Hukusahau. Niliziba mimi."

Nilijua leo pana vita. Mama mdogo alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Sanamu ya pili ilikwisha kwa siku mbili, na iko maktaba pamoja na fisi mpya: mwanamke kitandani, sungura kajibanza kwapani mwake, na mdomo wa mwanamke uko wazi kabisa.

"Mdomo wote huu?" mama aliuliza. "Ndivyo unavyoniona?"

"Hilo ndilo tundu, dada. Na ndivyo nilivyokuona kila usiku kabla sijalala."

Mama alijichungulia kinywani kwa muda mrefu. Kisha akaanza kumsimulia mdogo wake ile hadithi ya fisi, palepale, na mkutubi akamnyamazisha mara mbili bila mafanikio.