Gauni Lililokatwa Bila Kupima

Cherehani ya mke wa fundi hutazamana na ya mumewe, magoti nusura yagusane, na tangu asubuhi mpaka jioni, hata wakirudi nyumbani, maongezi yao ni pindo na vifungo. Mke uzi huukata kwa meno. Akichoka hunyoosha vidole kimyakimya. Harusi ya mdogo wa mke ilipokaribia, fundi alimkatia mkewe gauni bila kushika futi.

"Kwani mke wangu ni mteja, nimpime? Huyu namjua hata nikifumba macho!"

Mke alipolijaribu, likamning'inia kama limetundikwa msumarini. Fundi akalikusanya kiunoni, likamjaa ngumi nzima.

"Mama watoto, umekonda lini?"

"Mwaka jana, baba watoto. Niachie, nitalibana mwenyewe. Mteja anangoja suruali yake."

Naye fundi akairudia suruali.