Buji ya Nne

Hamimu alikuwa na miaka hamsini na nne, na Datsun nyeupe aliyoijenga mwenyewe katika gereji yake ya Buyenzi. Kabla ya vita, kila Jumapili alasiri, madereva wa Bujumbura walikutana nyuma ya maghala ya eneo la viwanda. Walikimbia gari mbili mbili, nguzo nane za umeme kutoka mwanzo hadi mwisho. Ile ilikuwa barabara yake. Kisha ikaja miaka ya risasi na vizuizi, na mashindano yakafa.

Mwaka 1997 mji ulipotulia kidogo, wakaitana tena. Vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimekata petroli. Iliyopatikana iliuzwa kwa chupa, imechanganywa na mafuta ya taa. Hamimu alimwahidi mkewe, Mwanvua, kwamba ingekuwa mara ya mwisho. Alitaka tu kujua kama mikono yake bado inaweza.

Mpinzani wake alikuwa Télesphore wa Ngagara, mwenye Corolla nyekundu.

"Muzee, leo utaangalia taa zangu za nyuma tu!"

"Taa gani? Gari yako inakohoa kama mutu wa kifua kikuu. Ipeleke kwanza kwa muganga."

Watu wakacheka. Gari zote zilikohoa siku hizo.

Aliyekagua gari zote mbili, kama siku zote, alikuwa Anouar, mdogo wake Mwanvua. Alifungua boneti, akatoa buji nne zinazowasha injini, moja kwa kila silinda, akazitazama moja moja, akazirudisha. Kwa miaka kumi na minane hakuna aliyemshuku.

Bendera ikashuka. Kwenye nguzo ya nne Corolla ilikuwa bado ubavuni. Kwenye ya sita haikuwapo tena. Watu wa Buyenzi na wa Ngagara, ambao tangu vita vianze hawakuwa wamesimama mahali pamoja, waliliita jina la Hamimu kwa sauti moja.

Desturi yao ilikuwa hii: mshindi hufungua mwenyewe buji moja ya aliyeshindwa, injini ikiwa bado moto, kisha huitundika gerejini kwake. Hamimu alikuwa nazo kumi na moja, zote za silinda ya kwanza.

"Ya kwanza, shemeji, kama siku zote," alisema Anouar, akimpa spana na kitambaa.

Lakini sikio la fundi lilikuwa limesikia kitu upande wa mwisho wa injini ya Corolla. Hamimu akafungua ya nne. Ilitoka imelowa petroli, ncha zake mbili zimegongwa kwa nyundo mpaka zimegusana. Buji ya namna hiyo haiwashi chochote. Télesphore alikuwa amekimbia na silinda tatu.

Hamimu aliutazama umati. Mwaka ule, neno moja kuhusu hila mbele ya mitaa miwili lingeweza kuzika watu. Akaifumba buji kiganjani, bila kitambaa, akainua ngumi. Watu wakapiga kelele. Nyama ya kiganja ikaungua.

"Ni hii mafuta ya chupa, muzee," alisema Télesphore. "Nitatafuta safi. Tukimbie tena Jumapili?"

Hakuna kitu Hamimu alichokitaka zaidi. Lakini petroli safi na buji mpya zingeipa Corolla nguvu zake, na kila fundi pale angeuliza leo ilikuwa na nini.

"Apana. Ulishindwa, mwanangu. Kubali tu."

Baadaye, gereji yake ilipobaki na watu wawili, alimwonyesha Anouar ile buji.

"Niliibadilisha nilipokagua. Dada alisema hutaacha mbio mpaka ushinde," Anouar alisema, macho chini. "Na huku nje watu wanakufa, shemeji. Tulitaka uishi."

"Mulitaka? We na dada yako?"

Anouar akaitika kwa kichwa.

Hamimu alifika nyumbani kabla ya saa ya kutotoka nje. Mwanvua alikuwa amepika pilau, na majirani walikuwa wamekwisha kumpongeza. Akamletea chai. Mumewe, ambaye katika miaka ishirini na sita ya ndoa hakupata kupokea kitu cha kinywa kwa mkono wa kushoto, alinyoosha wa kushoto. Wa kulia ulibaki mfukoni.

Mwanvua aliutazama ule mfuko. Hakuuliza.