Senti Ishirini Ndani ya Chupa ya Achari

Mimi si mtu wa kubuni. Nilikuwa karani wa ghala huko Edmonton, London, na tangu ujana kila jambo huliandika kwenye daftari: siku, saa, mahali. Haya nitakayokueleza yamo humo kwa mkono wangu, na kuanzia mstari wa tatu mwandiko unatetemeka. Wewe ukiamini au usiamini, mimi nilikuwepo.

Kwanza nikwambie habari ya sarafu. Babu yangu aliuza merikani Unguja, ile nguo iliyoletwa na merikebu za Kimarekani, na baadhi ya sarafu zao zikabaki mkononi mwake. Baba akaifanya kazi ya maisha: kukusanya sarafu za kale za Marekani, moja ya kila sura. Bibi aliyeketi, bibi anayetembea, nyati, tai. Albamu yake ilikuwa ya kadibodi nene yenye matundu, na kila tundu na sarafu yake. Tulipohamia Kampala baada ya mapinduzi ya Unguja tulihama nayo. Baba alipofariki, hakuna tundu lililokuwa tupu.

Kisha Wahindi tukafukuzwa Uganda. Kila mtu aliruhusiwa kutoka na pesa kidogo tu, na njia ya Entebbe ilijaa vizuizi vya askari. Wengine walishona dhahabu ndani ya mito. Mama yangu alichomoa sarafu zote za fedha kwenye albamu akazizamisha ndani ya chupa ya achari ya embe. "Nani atatia mkono kwenye mafuta na pilipili?" alisema. Yeye akatangulia kwa ndege. Mimi nikabaki na chupa, pamoja na albamu yenye sarafu za shaba ambazo hakuna askari angezitazama mara mbili.

Ndani ya basi la kwenda uwanja wa ndege nilikaa na jirani yetu Mzee Jivan, muuza nyuzi na vifungo. Alikuwa Mhindu, mimi Muislamu, lakini wote tulizaliwa Unguja na lugha yetu ilikuwa Kiswahili. Kwenye kizuizi cha tatu vijana tuliamriwa kushuka kupekuliwa. Wazee waliachwa vitini. Nikamwekea chupa mapajani.

"Mzee Jivan, nishikie achari ya mama."

"Ya mama yako? Basi usikawie huko. Ukikawia utakuta chupa tupu."

Sikumwambia kilichomo. Nilidhani asiyejua hawezi kutetemeka. Lakini niliisahau tabia ya mzee yule, na ndiyo tabia ya wazee wetu wote: chakula kikiwa mkononi mwake na mtu akasimama mbele yake, lazima amkaribishe. Nikiwa nje, mikono kichwani, nilimwona kupitia dirisha. Askari alipanda, akamfikia. Mzee akafungua kifuniko, akainua chupa kwa mikono miwili kama anavyomkaribisha mgeni dukani. Askari akacheka, akatia vidole. Kicheko kikakatika.

Wakamshusha. Wakampeleka nyuma ya gari lao, na sisi tukaamriwa kupanda na kuondoka. Nilipanda. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa na tone moja la mafuta ya manjano. Sikusema chupa ni yangu.

Uingereza, pale uwanjani, binti wa Mzee Jivan, Hansa, alikuwa amesimama na koti zito mkononi, koti la kumvalisha baba yake. "Umemwona baba?" aliniuliza. Nikamjibu, "Sikumwona."

Hansa na mumewe wakahamia Woolwich, hapo hapo London. Kila tulipokutana, kwenye arusi au msiba wa watu wetu, swali lilikuwa lile lile: "Hujasikia lolote?" Kwa desturi zao, aliyekufa akikosa ibada zake roho yake hutangatanga. Na Hansa angemfanyiaje ibada mtu ambaye hakuna aliyemwambia amekufa? Mimi nilikuwa na neno la kumwambia. Badala yake nilijaza albamu.

Miaka kumi na miwili nilifanya kazi za ziada na kuzunguka kwenye maonyesho ya wauza sarafu. Zikarudi moja moja, hadi likabaki tundu moja tu: senti ishirini. Wamarekani waliipiga miaka michache wakaiacha, kwa sababu watu waliichanganya na robo dola. Dawa ya kuitambua ni ukingo. Robo dola ina meno madogo ukingoni, hii ni laini.

Jumamosi moja ya Desemba nilitoka kwenye onyesho kule Barking mikono mitupu. Saa kumi na dakika arubaini jioni, na giza lilikuwa limeshatanda kama kawaida ya London. Nilipanda basi, ghorofa ya juu, kiti cha nne kushoto. Nilikuwa peke yangu huko juu. Kondakta akapanda, akanikatia tikiti, akashuka.

Nikasikia harufu ya achari.

Sikugeuka mara moja. Wewe ungegeuka? Niliangalia kioo cha dirisha mbele yangu, na ndani ya kioo nikaona watu wawili kwenye kiti changu.

Wa pili alikuwa na shati la mikono mifupi kwenye baridi ile, lile lile la siku ya kizuizi. Chupa ilikuwa mapajani. Mkono wake wa kulia ulikuwa wa manjano hadi kwenye kifundo. Kondakta akapanda tena kuhakikisha tikiti, akanitazama mimi tu, akanisalimia, "Evening," akashuka. Hapo nikajua ni mimi tu ninayemwona.

"Umekawia, mwanangu," akasema Mzee Jivan. Sauti haikuwa ya hasira. Afadhali ingekuwa.

Nikazidi kukodolea macho kile kioo cha dirisha.

"Mbona hukuniambia? Ningeiweka chini ya kiti. Mimi mtu mzima, najua kunyamaza."

Akafungua kifuniko. Nikakisikia kikikwaruza kioo cha chupa. Akainua chupa kwa mikono miwili. "Karibu. Onja."

Nilitia vidole, Mungu ananiona. Mafuta yalikuwa ya moto. Nikagusa kitu kigumu, nikakitoa, nikapitisha ukucha ukingoni. Laini. Chini ya bawa la tai palikuwa na kibonyeo kidogo alichokifanya baba kwa kuiangusha sakafuni.

"Amana yako nimekufikishia," akasema. "Na mimi nifikishe."

Basi likasimama kituoni, mimi nikapepesa macho. Kiti kilikuwa kitupu. Pembeni yangu palikuwa na tone moja la mafuta.

Sasa nitakiri jambo la aibu. Sikwenda Woolwich. Nilikwenda nyumbani, nikaisukuma sarafu tunduni, nikakaa nikiitazama kazi ya baba imekamilika. Asubuhi mafuta yalikuwa yameenea kwenye kadibodi na sarafu ya tundu la pembeni imekuwa nyeusi. Siku ya pili, mbili. Na kila jioni saa kumi na dakika arubaini, ndani ya kabati nilimoiweka albamu, nilisikia kifuniko kikikwaruza kioo. Nilivumilia siku tisa. Zimo daftarini.

Siku ya kumi niligonga mlango wa Hansa. Nilimwambia yote, nikaiweka sarafu mezani. Nilitaraji anipige. Aliichukua, akainusa.

"Hii achari ya mama yako," akasema. "Alikuwa akizidisha uwatu." Kisha akauliza, "Alimkaribisha askari?"

"Kwa mikono miwili, dada Hansa."

"Ndiye baba." Akafuta macho kwa ncha ya sari. "Kila Divali nimemwekea sahani. Miaka yote hiyo, na wewe unakula arusini mbele yangu."

Niliutazama mkono wake ulioshika sarafu. Nikauliza kwa sauti ndogo kama sarafu ningerudishiwa baada ya ibada. Ndiyo, niliuliza.

"Mwili wake sina," akasema. "Hii ndiyo maiti yangu."

Ibada zilipokwisha aliipeleka mtoni, kwenye kivuko cha Woolwich, pamoja na maua na lile koti zito. Niliruhusiwa kusimama mbali. Sikusikia ikianguka majini. Hansa hajasema nami tangu siku hiyo, na simlaumu.

Jioni hazina sauti tena. Lakini tundu la senti ishirini limebaki na duara la manjano, na vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havijatakata kwa sabuni wala ndimu. Mara mbili wauzaji wamenionyesha senti ishirini nyingine, safi, kwa bei nafuu. Nilizirudisha mezani bila kuzigusa ukingo.

Kwa hiyo nakuonya, unayesafiri. Ukimpa mwenzako mzigo akushikie, mwambie kilichomo. Na wakimshusha kwa sababu ya mzigo wako, shuka naye.