Wembe na Skrini ya Kijani

Ilikuwa mwaka ule soko jipya lilipofunguliwa. Hapana, nimekosea. Soko lilitangulia, umeme wake ukawa wa kukatikakatika, ndipo mwaka uliofuata chama chetu cha ushirika cha umeme kikanunua programu mpya ya kuongozea laini. Wanachama walikuwa wameongezeka mno, na ubao wa zamani wa taa ukutani, ulioonyesha laini ipi ina umeme, ulikuwa umeelemewa.

Meneja alikuwa shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu. Walimwita Wembe kwa suruali zake, maana mkunjo wa pasi ungeweza kukata mkate. Alianza kwa kusoma mita, na hiyo nayo, kwa kuogopa mbwa, aliikadiria akiwa barabarani. Lakini mdomo alikuwa nao. Mdomo ulimpandisha mpaka kiti cha umeneja. Nguzo hajapanda hata moja.

Programu ilipowekwa kwenye kompyuta, laini yenye umeme ilionekana nyekundu, iliyokatwa kijani, kama kwenye ubao wa zamani. Mafundi waliizoea hivyo: nyekundu, usiguse. Wembe alipoiona, wiki ya uzinduzi, akaguna.

"Skrini nzima nyekundu! Wageni watadhani tunaungua. Geuzeni, yenye umeme iwe kijani."

"Bosi, watu wamezoea hivi," akasema fundi wa kompyuta.

"Watazoea na vile. Mimi nataka picha nzuri."

Picha ikatoka nzuri kweli: Wembe katikati, tumbo ndani, kijani tupu nyuma yake kama amesimama bustanini.

Badiliko lenyewe lilitangazwa kwa mdomo, kwenye chai. Mama wa zamu, yule mwenye sauti nzito aliyekaa kwenye skrini na kuwaongoza mafundi kwa redio ya upepo, alikuwa likizo. Aliporudi hakuna aliyekumbuka kumwambia. Asubuhi hiyohiyo mkwe wangu, mume wa binti yangu, naye fundi wa laini, alikuwa chini ya nguzo yenye waya uliolegea. Akaomba redioni laini ikatwe. Mama akatazama skrini, akaona kijani, akadhani mwenzake amemtangulia kuikata.

"Imeshakatwa, baba. Panda."

Akapanda. Mkanda ndio uliomshika asianguke. Mkono wake wa kulia uliungua vibaya. Hadi leo binti yangu ndiye anayemfunga vifungo vya shati.

Mama wa zamu akafukuzwa. Wembe akaja hospitalini, akaketi ukingoni mwa kiti asije akakunja suruali.

"Shemeji, yule mama mzembe. Rangi zilitangazwa."

"Kwenye chai."

"Kutangaza ni kutangaza, Shemeji."

Mimi si mtu wa kugombana, na marehemu alimpenda kaka yake. Nikamuuliza jambo moja tu. Akatoa simu mfukoni, akaanza kuitazama kana kwamba imemwita. Baadaye nikaipelekea bodi ya chama swali lilelile, nayo ikatazama dari: kwa rangi zile alizozigeuza mwenyewe, meneja angeambiwa "panda", angepanda?