Nambari ya Mtu wa Karibu

Pascalia Mulongo anatunza kompyuta za zahanati moja mjini Kakamega, kazi isiyo na wa kupiga naye soga. Zahanati ina hifadhidata mbili: ya wagonjwa na ya maabara. Ndani ya ile ya wagonjwa kuna sheria kali, mafundi huiita ufunguo wa kigeni: humfuti mtu ambaye nambari yake bado imeandikwa kwenye faili ya mwingine. Lakini sheria hiyo haivuki kwenda ya pili. Kila moja na hamsini zake. Basi kila Ijumaa Pascalia huzilinganisha mwenyewe.

Ijumaa hii alikuta majibu ya damu yasiyo na mwenyewe. Nambari ilikuwa yake yeye Pascalia.

"Nilitoa faili moja, Madam," alisema Oduor wa mapokezi. "Baba mmoja, kijiji kimoja, siku ya kuzaliwa moja. Nikajua ni mtu mmoja ameandikwa mara mbili."

Mukhwana na Mulongo! Mtoto yeyote wa kijijini kwao Matete angekuambia hao ni mapacha. Oduor ni mgeni kutoka Kisumu. Angeona Apiyo na Adongo, majina ya mapacha ya Kijaluo, angeshtuka; haya ya kwetu Waluhya yalimpita hivi hivi. Na katika wawili hao alimfuta Pascalia aliye hai, akamwacha dada yake Mukhwana, aliyezikwa Agosti.

Pascalia hakumfokea. Alijirudisha kutoka nakala ya akiba, majibu yakapata mwenyewe. Ikabaki kazi aliyoikwepa tangu matanga: kufunga faili ya dada yake, maana zahanati ilikuwa bado inamwita marehemu kliniki.

Mfumo ukakataa. Kuna faili bado inayomtegemea huyu, skrini ilisema. Ilikuwa ya Pascalia; penye mtu wa karibu alikuwa ameandika nambari ya Mukhwana. Mukhwana yeye alimwandika mumewe.

Alitafuta wa kuweka badala yake. Mama hayuko. Marafiki wa chuo waliishia kwenye salamu za Krismasi. Alipaacha wazi, ikakataa. Akaweka nambari yake mwenyewe, ikakataa pia. Akageuka kuelekea mapokezi.

"Oduor," alisema mwishowe, "nikuweke wewe?"

"Uniweke wapi, Madam?"

"Mahali pa dada yangu."

Oduor alivuta kiti, akaketi, akaanza kumtajia nambari yake ya faili polepole.