Msumeno agoma kuimba nyuma ya pazia

Saa tatu asubuhi, ndani ya chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, mwanamke mwenye miwani ya kusomea na kandambili miguuni anambembeleza mtoto asiyekuwepo. Ni tangazo la mafuta ya watoto. Sauti yake ni laini mpaka fundi mitambo, upande wa pili wa kioo, anapiga miayo.

"Usilale, baba, bado kuna kazi," anamwambia kwenye maiki.

Muda si mrefu, wakati wa mapumziko, anavua miwani, anatanua miguu kama mtu anayetaka kubeba gunia, na kuachia ukelele wa roki nzito unaotikisa kioo. Fundi mitambo hapigi miayo tena.

Huyo ndiye Msumeno. Kama jina hilo hulijui, usijilaumu. Halijawahi kuandikwa kwenye kava la wimbo wowote. Sauti yake, hata hivyo, unaijua. Umeisikia ikiuza sabuni, ikiitikia kwenye kwaya, ikiigiza bibi kizee mwenye mafua katika kipindi cha watoto. Mwaka wa kumi na nne sasa anaishi kwa kukodisha koo lake. Hakuna aina ya wimbo inayomshinda, lakini moyo wake ameuweka mahali pamoja tu: kwenye gitaa la umeme lililopandishwa hadi majirani waje kugonga mlango.

"Hizo nyingine natumwa," anasema. "Roki najituma mwenyewe."

Jina alilipata kwenye karakana ya kupasua mbao alikokuwa akiuza chai. Mashine zilinguruma kutwa, naye akazoea kuimba kwa nguvu ya kuzishinda, akiisukuma sauti kutoka tumboni ili wateja wamsikie. Siku moja umeme ukakatika katikati ya wimbo. Misumeno yote ikanyamaza, yeye akaendelea.

"Wapasuaji walitoka mbio kuangalia ni mashine gani imekataa kuzimika," anasimulia huku akicheka.

Nyumbani nako hakukuwa rahisi. Mara ya kwanza mama mkwe wake kumsikia akifanya mazoezi bafuni, alimvuta mwanawe pembeni na kumuuliza, "Umemfanya nini mtoto wa watu?"

Kazi inayomlisha zaidi ni ile ya sauti ya mfano. Nyota akitaka kurekodi wimbo mpya, Msumeno huuimba kwanza wote, ili nyota ausikilize na kujifunza pa kupanda na pa kuvuta pumzi. Nyota akishaimba, sauti ya Msumeno hufutwa. Analipwa mara moja, anakwenda zake.

Miezi mitatu iliyopita, fundi mitambo alifuta sauti ya mfano kwenye beti zote za wimbo mmoja, akasahau kiitikio.

"Nilikuwa na njaa," anajitetea.

"Njaa yako imempa mwenzangu umaarufu," Msumeno anamjibu.

Wimbo ukatoka hivyo hivyo. Redio zikaushika, na kilichowapagawisha watu ni kile kiitikio chenye ukelele unaokwaruza kama bati linaloburutwa juu ya zege. Sifa zikaenda kwa nyota, binti mwenye sauti nzuri ambayo haikwaruzi hata kwa bahati mbaya. Sasa kuna onyesho kubwa Jumamosi, la kuimba mubashara, na ukelele haukopwi.

Ndiyo maana kabla ya saa nne meneja wa nyota huyo anaingia studio, manukato yakimtangulia.

"Dada yangu, kipenzi chetu..."

"Ukianza hivyo najua kuna shimo mbele. Sema."

"Tutakuwekea kiti kizuri nyuma ya pazia. Na feni. Kiitikio kikifika, yeye anafungua mdomo, wewe unatoa sauti. Tunakulipa mara tatu."

"Na nikikohoa, atashika kifua yeye?"

"Usilete utani. Watu wanakuja kumwona yeye. Wewe, samahani, kwa umri huo na hizo kandambili..."

"Umri huu ndio unaowajazia ukumbi. Nipe maiki mbele, pembeni yake, na ulitaje jina langu. Vinginevyo sina sauti."

Meneja anaacha kutabasamu. Anamkumbusha kwamba matangazo karibu yote ya studio hii yanapitia mikononi mwake, na kwamba hata hili la mafuta ya watoto anaweza kulisikia likiimbwa na mwingine.

Si tishio dogo. Matangazo hayo ndiyo kodi ya nyumba na karo ya mabinti wake wawili. Msumeno anafuta miwani kwa pindo la blauzi, taratibu, anaivaa.

"Tangazo mpe mwingine," anasema. "Na kiitikio utampa nani?"

Meneja anampigia nyota simu na kuweka spika, akitumaini binti atambembeleza mama huyu. Binti hana hamu ya kubembeleza.

"Dada, nimejaribu kuuimba ule ukelele, nimetoa sauti ya mbuzi aliyebanwa na mlango. Njoo tusimame wote. Jukwaa lenyewe pana, tunamficha nani?"

Meneja anakata simu. "Anayeamua ni mimi," anasema, na kuondoka bila kufunga mlango.

Fundi mitambo anakuna kichwa. "Mama, hapo umeharibu au umetengeneza?"

"Rudisha tangazo mwanzo, tumalize. Mpaka sasa mtoto bado hajalala."

Mumewe, dereva wa lori, anapopewa habari kwa simu anacheka kwanza, kisha anamwambia watabana matumizi, lakini asirudi nyumbani na sauti ya mtu mwingine.

Msumeno anasema hana kinyongo na binti yule, na siku moja angependa warekodi pamoja, majina yote mawili mbele ya kava. Kwa sasa mpango wake ni mfupi.

"Jumamosi nanunua tiketi yangu, nakaa safu ya mbele, koo nimeshalipasha moto. Kiitikio kikifika, ama wataniita jukwaani, ama ukumbi mzima utasikia jukwaa linavyonyamaza."