Unga wa Muhogo Juu ya Bomba la Hewa

Vita vilikuwa vimeyachukua magari mazima ya Biharamulo, hata Landrova ya hospitali. Habari zilipofika kwamba surua imeingia Murukulazo, upande wa Ngara, lililobaki ni lori kuukuu nililokuwa nikiliendesha na kulitengeneza mwenyewe. Lilipakiwa saruji ya kujengea zahanati ya huko. Kando yangu akakaa nesi Yustina, amepakata sanduku la chanjo lenye barafu. Aliniambia barafu ile isingevuka alasiri, na chanjo ikipata joto ni ya kutupa.

Tuliondoka alfajiri, na hadi Nyakahura lori lilikwenda vizuri.

Saa tatu, kwenye mlima uliofuata, nguvu zikaisha. Injini haikuzimika, ila lori lilitambaa huku likitoa moshi mweusi. Mluzi wa tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, sikuusikia tena. Kwa mwendo ule tungefika usiku. Nikaegesha mbele ya nyumba ya mkulima mmoja mzee, Mama Koleta. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba na kututolea vigoda.

Nikafungua filta ya hewa: safi. Nikazungusha feni ndogo ya tabo kwa kidole: laini, haichezi. Kama tabo ni nzima, hewa yake inakwenda wapi? Nikapapasa bomba la mpira linaloipeleka kwenye injini, kisha nikakanyaga mafuta lori likiwa limesimama, Yustina akitega sikio. Hakusikia hewa ikivuja popote. Nikasema, basi tabo yenyewe imekufa.

“Unalipima likiwa limepumzika,” akasema Yustina. “Mtu wa pumu akikaa kitini huoni shida yake. Mpandishe mlima.”

Neno hilo likaniingia. Lakini mlimani hakuna awezaye kuchungulia ndani ya boneti. Nilihitaji kitu cha kuona kwa niaba yetu. Mama Koleta alikuwa akikoroga unga wa muhogo kwa ajili ya uji, nikamwomba kikombe. Akauliza kama gari nalo lina njaa. Nikaupaka ule urojo bomba lote, likawa jeupe.

Nilipandisha kidogo, nikarudi kinyumenyume. Mama Koleta ndiye aliyejilaza chini kabisa, na ndiye aliyeona.

“Hapa pamepulizwa,” akasema.

Upande wa chini wa bomba, unga ulikuwa umeondoka kwa mstari wa urefu wa kidole. Ulikuwa ufa unaofunguka hewa inapojaa tu, na kujifumba lori likitulia. Niliufunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, nikakaza kwa waya. Tulipoanza kupanda, mluzi ulirudi.

Saa nane na nusu tuliingia Murukulazo. Akina mama walikuwa wamepanga mstari na watoto mgongoni. Barafu iliyobaki ilikuwa kipande kama yai. Yustina alinawa mikono, akaanza kuchanja bila kupumzika.

Kesho yake tulirudi Biharamulo. Njia nzima niliwaza jinsi nilivyokuwa nikiyauliza magari maswali yakiwa yamelala, kisha nikiyahukumu. Nyuma ya karakana yetu kulikuwa na lori lenye majani hadi magurudumuni, ambalo mwaka uliotangulia niliandika kwa mkono wangu kwamba tabo yake imekufa. Asubuhi, kabla ya chai, nilimwomba mke wangu unga kidogo, nikaenda kuling'olea majani.